Gudi ya Memsahibu, Kilio cha Salumu

Kinondoni, Jumapili. Masika ya 1953.

Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa haijakatika, imepungua tu. Ua wote ni tope. Nguo za mtoto nimezianika ukumbini kwenye kamba, na kila anayepita humo lazima ainame. Nina furaha. Nalitanguliza neno hilo nisije nikalisahau katikati, maana Ijumaa nilikuwa na mengine kabisa moyoni.

Mwalimu wetu wa darasa la akina mama anasema daftari la namna hii huitwa shajara, na kwamba mtu haidanganyi shajara yake. Haya, tuone.

Zuhura, mwanangu wa pekee, yuko chumba cha ndani na mtoto wake wa kwanza. Kwetu mimba ya kwanza huja kuzaliwa kwa mama. Binti huletwa tumbo likishakuwa kubwa, akajifungua mbele ya mama yake, akakandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji wa pilipili manga, na hatoki hapo mpaka arobaini itimie. Ndipo mume huja kumchukua yeye na mtoto, watu wakasoma maulidi na kula, na mama akabaki na nyumba tupu na sifa yake. Mama ambaye binti yake ameondolewa kabla ya arobaini hana pa kuficha uso.

Na mie nusura niwe mama huyo.

Kazi yangu ni uaya. Nimelea watoto wa Kizungu huko Osterbei tangu Zuhura hajaota meno, na ndiyo sababu Zuhura mwenyewe alikulia Kisarawe kwa marehemu mama yangu. Mwaka huu Mungu alinipangia vizuri. Bwana wangu amepewa likizo ndefu, na memsahibu ni mjamzito, akataka kujifungulia kwao, kwa mama yake, kama Zuhura tu. Wamepanda meli wote na hawarudi mpaka kipupwe kiishe. Nikasema, sasa mjukuu wangu nitamlea kwa mikono yangu, na atapata malezi yale yale waliyoyapata watoto wa mabwana wakubwa. Nilijisifu hivyo bombani mbele ya watu, ndoo ikijaa na kumwagika.

Malezi yenyewe yamo katika neno moja: gudi.

Neno hilo nimelisikia mara nyingi kuliko jina langu. Nikiingia asubuhi naambiwa gudi monin, hata siku ile niliyokwenda macho mekundu nimetoka msibani. Mbwa akirudisha kiatu alichokiiba, gudi. Nyama ikiwa haijaharibika ni gudi, ikiharibika si gudi tena, ingawa hakuna kosa ililolifanya. Siku moja memsahibu alimwambia shoga yake kwamba amemngoja mumewe saa nzima ya gudi, na uso umemvimba kwa hasira, nikajua hapo gudi ni urefu. Shoga huyo naye wanasema ametoka ukoo wa gudi, yaani kwao wana mashamba. Sahani za gudi ni zile zisizoguswa mpaka waje wageni. Nikivunja mojawapo zinatoka gudi nyingine kwa sauti ya juu, na hizo sizitafuti maana yake. Hata wakiagana wanaagana kwa gudi.

Sie tuna maneno mbalimbali. Tunasema mtu mwema, sura nzuri, chungwa tamu, sahani nzima, na hakuna anayeyachanganya. Wao wana bakuli moja, wanatilia humo kila kitu. Mwanzoni nilidhani ni umaskini wa lugha. Baadaye nikaipenda, kwa sababu ukiijua gudi peke yake unaweza kufanya kazi kwa Mzungu mwaka mzima na asigundue kwamba hujui jingine.

Lakini gudi niliyoipenda kuliko zote ni gudi bebi. Memsahibu akitembelewa, swali la kwanza juu ya mtoto si afya yake wala amefanana na nani. Wanauliza kama ni gudi. Na mtoto gudi ni yule asiyelia. Ananyonya kwa saa, analala kwa saa, anawekwa peke yake chumbani mlango ukafungwa, na akilia anaachwa alie mpaka anyamaze mwenyewe, asije akadeka. Watoto wangu wote wa huko walikuwa gudi. Memsahibu mmoja akihama nchi alinikabidhi kwa mwenziwe, akamwambia huyu aya watoto wake husikii sauti zao. Nimekula kwa sifa hiyo miaka mingi. Mmoja aliniachia hata saa ya mezani, yenye kengele, na mie nikaiweka juu ya kabati mahali ambapo kila mgeni ataiona.

Basi Salumu, ndilo jina la mjukuu wangu, alilopewa kwa babu yake wa Kawe aliyekwisha kufariki, akaanza kulelewa kwa saa. Akishanyonya asubuhi, hanyonyi tena mpaka kengele ilie. Zuhura akinyoosha mikono kumchukua, namwambia mwache, bado. Jirani aliweka kisu chini ya godoro la mtoto, kama ilivyo desturi, mabaya yasimkaribie. Nilikirudisha jikoni. Nikasema, kisu na mtoto mchanga wapi na wapi. Nilimtandikia sanduku akalala humo mbali na mama yake. Siku za mwanzo alilia mpaka akakauka sauti, kisha akapunguza, kisha nyumba ikawa kimya. Nilikaa barazani nikiwaambia wapitao kwamba mtu hawezi kujua kama humu ndani mna kichanga. Nilijiona kweli kweli.

Ijumaa baada ya alasiri akaja Bi Mwanahawa.

Huyu ndiye mama yake Seifu, mume wa Zuhura, kwa hiyo mie na yeye ni wakwe. Ni mwanamke wa maneno machache, na sie wakwe huoneana haya. Hatuingii chumba cha mwenzetu, hatuli sahani moja, tukikutana tunasalimiana tukitazama chini. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, kuku kwapani, kikapu cha mchele kichwani. Zuhura alikuwa bafuni uani. Mie nilikuwa barazani napepeta. Na Salumu, ambaye siku hizi halii, siku hiyo alikuwa analia.

"Mtoto analia, Mama Zuhura."

"Namsikia, mkwe wangu. Karibu ukae. Zimebaki dakika chache."

"Dakika za nini?"

"Za kunyonya."

Alinitazama. Kisha akautua mchele, akanipa mie yule kuku nimshike, akaingia moja kwa moja mpaka chumba cha ndani na buibui lake, jambo ambalo mkwe halifanyi. Kilio kikakatika. Nilipomfuata nilimkuta ameketi kitandani, Salumu kifuani, amemfunika kwa buibui, anamwambia polepole, "Kibaya changu weye. Nani kakuacha peke yako, kibaya changu?" Kwao mtoto mchanga hasifiwi. Humwita kibaya ili macho ya watu yampite.

Akapitisha mkono chini ya godoro la sandukuni.

"Kisu kiko wapi?"

"Jikoni."

"Na mtu wa kukaa na mtoto?"

Kuku alikuwa ananiparura mkono.

"Mie sigombi na mtu nyumbani kwake," akasema. "Jumapili nitakuja na Seifu na gari. Arobaini wataimalizia Kawe."

Akaondoka bila kunywa hata maji.

Nilikasirika, siwezi kusema uongo. Jioni nzima nilimwita moyoni majina ambayo siyaandiki humu. Mie niliyelea watoto wa mabwana wakubwa, leo nifundishwe na mwanamke asiyejua hata kuisoma saa. Jirani yangu aliposikia akasema nimtume mjomba wake Zuhura aende Kawe kuzuia, kwa sababu haki ni yangu. Na kweli haki ilikuwa yangu. Desturi haimpi mama wa mume ruhusa ya kumtoa mzazi kwa mama yake. Nililala nikiyapanga maneno ya mjomba.

Jana asubuhi nikamkanda Zuhura kama kila siku. Mgongo, kiuno, miguu. Nilipofika kifuani akashtuka na kunishika mkono. Maziwa yalikuwa yamevimba, magumu, ya moto.

"Tangu lini?"

"Tangu juma la kwanza."

"Mbona husemi, mwanangu?"

Alilitazama karai la maji, hakunitazama mie. "Weye ndiye mjuzi, mama. Akilia maziwa yananitoka yenyewe. Nakaa nayo tu, nangoja saa yako."

Hakusema kwa kunilaumu. Zuhura hajui kulaumu, mama yangu alimlea vizuri. Kisha akaongeza, "Halafu sasa halii kama zamani. Nilidhani ndiyo vizuri. Lakini akiamka anatazama juu tu."

Nikakiacha kitambaa cha kukandia kwenye maji, nikaenda kuchungulia sandukuni. Salumu alikuwa macho. Hakuwa analia. Alikuwa amelala chali, ngumi mbili kando ya kichwa, anatazama boriti za dari, na niliposimama mbele yake hakugeuka. Lile neno likaja mdomoni mwangu lenyewe kwa mazoea. Gudi bebi. Sikuweza kulitoa.

Mtoto huyu hakuwa ametulia. Alikuwa ameita vya kutosha, akaona hakuna anayekuja, akaacha kuita. Na aliyemfunza hivyo ni mie, bibi yake, niliyejigamba barazani.

Nililia pale pale nikiwa na mikono mibichi. Watoto wa Osterbei walikua, siwezi kusema waliharibika. Mmoja aliporudi kututembelea alikuwa mrefu kuliko mlango, na alinikumbatia mpaka kilemba kikaanguka. Labda kwao inafaa hivyo, mie sijui. Ninachokijua ni kwamba wote niliwaona wakinyamaza, na kila aliponyamaza mmoja mie nilifurahi, nikaenda kunywa chai.

Nikamtoa Salumu, nikampa mama yake. Saa sikuiangalia. Alinyonya upande huu, akanyonya na upande ule, akalala amekamata kanga ya Zuhura asiiachie. Baadaye kidogo kengele ikalia juu ya kabati, mtoto akaruka. Nikaivingirisha ile saa ndani ya shuka kuukuu, nikaisukuma uvunguni. Ikalia humo humo mpaka ikachoka. Kisu nikakirudisha chini ya godoro, kisha nikaona hata sanduku halina kazi tena, nikalitoa nikawatandikia pamoja.

Lakini Jumapili ilikuwa bado inakuja. Zuhura alikuwa ameanza kukunja nguo zake kimya kimya, kwani mkwe akishasema, mke wa mtoto wake hana la kupinga. Kila alipokunja moja nilitamani kuikunjua. Mjomba sikumtuma. Ningemtuma nimwambie akatetee nini?

Leo adhuhuri wakaja. Gari halikuweza kuingia uchochoroni kwa ajili ya tope, likasimama barabara kuu. Bi Mwanahawa alikuja kwa miguu, buibui amelipandisha, viatu mkononi. Nyuma yake Seifu na mwavuli, na uso wa kijana anayetamani angekuwa na zamu kazini Jumapili hii. Walinikuta jikoni nakoroga uji wa mzazi, Salumu nimemfunga mgongoni kwa kanga.

Bi Mwanahawa aligeukia ukumbini. Alitazama juu ya kabati, hakuona saa. Akapita ndani, najua alikwenda kupapasa chini ya godoro. Akarudi akasimama mlangoni pa jikoni.

Maneno niliyokuwa nimeyaandaa yote yalinipotea.

"Mkwe wangu, usiwachukue."

"Nimekwisha sema."

"Najua. Basi kaa weye hapa."

Seifu akakohoa. Zuhura aliyekuwa ukumbini akaweka mkono mdomoni. Hili halijapata kutokea kwetu. Mama wa mume haji kulala kwa mama wa mke. Tungelala chumba kimoja, tungekula sahani moja, ile haya yote ya wakwe tungeitupa nje na maji ya kuoshea vyombo. Watu bombani watasema mpaka Idi.

"Nimelea watoto wengi, mkwe wangu," nikamwambia, "na wote walikuwa wa watu. Wa kwangu sijapata kumlea hata mmoja. Nifundishe."

Sijui nilivyoweza kulisema hilo mbele ya Zuhura. Lilikuwa limekaa humu kifuani muda mrefu sana. Mvua ikawa inapiga bati, na uji ukaanza kushika chini ya sufuria. Hapo Salumu akalia. Akalia kwa nguvu, sauti ya kuamsha mtaa, si ile ya juzi iliyokauka. Nikashindwa nianze na lipi, sufuria au mtoto.

"Mtoe mgongoni kwanza, unamkaba," akasema Bi Mwanahawa. "Kanga hukazwa kifuani, haikazwi shingoni."

Kisha akavua buibui lake, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Rudisha gari," akamwambia Seifu. "Kesho niletee kanga zangu na mswaki."

Seifu aliondoka mbio kuliko alivyokuja, mwavuli akausahau. Zuhura alikuwa analia na kucheka pamoja, akaanza kuzikunjua nguo zake moja moja na kuzirudisha pale zilipokuwa.

Sasa magharibi imepita. Naandika ukumbini kwa taa ya chemni, nimeinama chini ya nguo mbichi. Tangu mchana nimekwisha kuambiwa kwamba uji wangu una pilipili manga chache, maji ya kukandia hayajachemka vya kutosha, na mtoto simshiki kichwa sawasawa. Siku ya kwanza tu na nimekwisha kuchoka kufundishwa. Lakini tumekula sahani moja. Mwanzoni tulikuwa tunatazama pembeni, kila mmoja na tonge lake, mpaka akaniomba pilipili, nami nikamsogezea, na baada ya hapo tukala kama watu waliokulia nyumba moja.

Sasa hivi Salumu amelia. Tuliinuka wote wawili, tukagongana mlangoni, akanitangulia kwa sababu yuko karibu. Namsikia huko ndani, "Kibaya changu weye." Nami nimejaribu kulisema hapa peke yangu, polepole. Kibaya chetu. Limekaa vizuri mdomoni.

Kipupwe kikiisha memsahibu atarudi. Ataniuliza habari ya mjukuu wangu, kwa sababu ni mtu mwema, na hapo natumia neno letu makusudi. Atauliza kama ni gudi. Nitamwambia hapana, memsahibu, si gudi hata kidogo. Analia akitaka, ananyonya akitaka, na bibi zake wawili wanakimbia mpaka wanagongana. Atanihurumia. Acha anihurumie.

Lakini hatarudi mikono mitupu. Atakuja na kichanga chake kutoka kwa mama yake, kitawekwa chumbani mlango ukafungwa, na kazi yangu itakuwa kukaa nje ya mlango huo, nikishona, nikiisikiliza saa. Kikilia, nitaweza kukaa?